Kisomo Ndani ya Ngano: Mwalimu Goso na Wanafunzi Wake



Katika somo hili tutaangalia jinsi ngano za Waswahili zinavyotuonyesha habari za kusoma na kusomesha. Mfano wetu ni ngano ya Mwalimu Goso, iliyosimuliwa Zanzibar na ambayo George Bateman aliiingiza katika kitabu chake cha ngano za huko mwaka 1901.

Goso alisomesha watoto chini ya mbuyu. Jioni moja, alipokuwa akiandaa masomo ya kesho yake, paa alipanda mtini kuiba mabuyu. Buyu moja likaanguka, likampiga mwalimu, akafa. Asubuhi wanafunzi wakamzika, kisha wakaenda kumtafuta muuaji. Wakaanza kwa kuupiga upepo wa kusi. Kusi ukajitetea kuwa lau ungekuwa na nguvu hizo, usingezuiliwa na ukuta wa udongo. Ukuta nao ukasema hutobolewa na panya. Panya akamtaja paka, paka akaitaja kamba, wakaendelea hivyo mpaka wakamfikia paa. Paa hakuwa na jibu, wakamuua.

Mafunzo tunayoyapata:

1. Chuo si jengo. Kivuli cha mti kilitosha, maana mwalimu alikuwepo na wanafunzi walikuwa na nia.

2. Mwalimu naye husoma. Mauti yalimkuta Goso akiandaa somo.

3. Mwenye kusoma huuliza kwanza. Wanafunzi wale walipiga kabla ya kuuliza, na hilo ni kosa. Sisi tumeamrishwa katika Suratul Hujurat, aya ya 6, tuichunguze habari kabla ya kumdhuru mtu. Daftari la mwenzetu likipotea, tusianze kwa kumtaja mwizi.

Ngano hii tunaisoma leo kwa sababu iliandikwa. Hapa ziwani kwetu, kisiwani Ukerewe, Aniceti Kitereza alikamilisha mwaka 1945, kwa Kikerewe, kisa cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, ili mila za wazee zisipotee. Alikifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikachapishwa mwaka 1980, baada ya miaka 35. Mwaka 1981 alifariki, kitabu kikabaki. Mzee akifariki na ngano zake hazijaandikwa, tutamwuliza nani?

Zoezi:

(a) Mwombe bibi au babu akusimulie ngano moja, ya Kisukuma, ya Kikerewe au ya pwani. Iandike kama alivyoisema.

(b) Je, kunyamaza kwa paa kulitosha kuwa ushahidi? Toa sababu.

Wabillahi tawfiq.