Mwenzetu Mkatoliki Akifiwa: Tuingie Kanisani Pamoja

SOMO LA KIKUNDI



Vikundi vyetu vina watu wa makanisa mengi. Katika kikundi kimoja cha akina mama utakuta Mkatoliki, Mwanglikana, wa AIC, wa Jeshi la Wokovu, na pengine dada yetu Mwislamu. Tukichimba mtaro au tukichanga pesa za mzunguko, hakuna anayeuliza mwenzake anasali wapi. Lakini siku mwenzetu Mkatoliki akifiwa, mambo hubadilika. Tunateka maji, tunabeba kuni, tunapika. Misa ikianza, nusu ya kikundi inabaki nje chini ya mti.

Wanaobaki nje hawana chuki. Wana woga tu. "Nitasimama wengine wakiwa wamepiga magoti, nichekwe." "Watanilazimisha kufanya ishara ya msalaba." "Je, nikipewa ule mkate?" Sasa mfiwa aliyekaa mbele hajui hayo. Akigeuka anaona tu wenzake hawako. Hilo linaweza kumwuma kuliko tunavyofikiri. Mwezi ujao mchango unachelewa, na hakuna anayesema kwa nini.

Kwa hivyo leo tujifunze mambo tutakayoyaona tukiingia.

Mlangoni
Karibu na mlango kuna chombo cha maji ya baraka. Wakatoliki huchovya kidole na kufanya ishara ya msalaba, kukumbuka ubatizo wao. Wewe pita tu, si lazima. Utaona pia wanapiga goti kabla ya kukaa. Wanaelekea tabernakulo, yaani kisanduku chenye taa inayowaka karibu, ambamo Ekaristi huhifadhiwa. Wewe ukiinamisha kichwa kwa heshima, yatosha.

Mama asiogope kama hana kitambaa kichwani. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilidai wanawake wafunike kichwa, lakini ile ya mwaka 1983 haina sharti hilo. Wanaume wavue kofia.

Na zile sanamu? Wakatoliki wanasema hawaziabudu. Ni kama picha ya marehemu mzazi wako uliyoitundika ukutani: huombi karatasi, unamkumbuka mtu.

Misa inavyokwenda
Kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikani (1962–1965) Misa ilisomwa kwa Kilatini. Siku hizi huku kwetu ni Kiswahili, Kiingereza au lugha ya mama, basi utafuata bila shida.

Misa ina sehemu mbili kubwa. Ya kwanza ni ya Neno. Biblia inasomwa, zaburi inaimbwa, kisha watu wote wanasimama kusikiliza Injili, na padre anahubiri. Biblia ya Wakatoliki ina vitabu 73, si 66. Kwa hivyo usishangae kwenye mazishi ukisikia somo kutoka kitabu cha Hekima ambacho hukijui.

Sehemu ya pili ni ya Ekaristi. Mkate na divai vinaletwa altareni, na padre anasali sala ndefu. Hapo wengi hupiga magoti. Ukiweza, piga. Ukishindwa, au dhamiri yako ikikataa, kaa kimya. Baadaye watu hutakiana amani. Hapo usijifiche, mpe mkono aliye karibu nawe.

Sadaka hutolewa pia. Mgeni halazimishwi, anatoa akipenda.

Wakati wa Komunyo
Hapa ndipo pa kuwa makini. Wakatoliki wanaamini kwamba mkate na divai vimekuwa kweli Mwili na Damu ya Kristo, na kwamba anayepokea anasema yuko katika umoja kamili na Kanisa lao. Kwa hiyo asiye Mkatoliki kwa kawaida hapokei, hata kama kwao ameokoka na ni mzee wa kanisa. Hilo si tusi. Kaa mahali pako na uombe kimoyomoyo.

Wala usidhani utabaki peke yako. Utaona Wakatoliki pia wamekaa. Anayejua ana dhambi kubwa hutakiwa kuungama kwanza, na anayepokea hutakiwa awe hajala kwa saa moja kabla ya Komunyo. Mahali pengine asiyepokea hupita mbele akiwa amekunja mikono kifuani ili abarikiwe. Muulizeni katekista kama kwao wanafanya hivyo.

Mwishoni mwa Misa ya mazishi
Padre hunyunyizia jeneza maji ya baraka na kulifukizia ubani. Maji yanakumbusha kwamba marehemu alibatizwa. Wakatoliki pia humwombea marehemu. Kama kanisa lenu halifanyi hivyo, nyamaza na umwombee mfiwa faraja.

Tufanye nini
Siku moja kabla, mwanachama mmoja Mkatoliki aongoze wenzake. Kaeni pamoja, nyuma kidogo ya familia, mpate kuwatazama walio mbele wanaposimama na kukaa. Ukikosea, hapana neno. Kuuliza si ujinga, na mgeni hahukumiwi.

Tukumbuke mashahidi wa Uganda. Tarehe 3 Juni 1886 Wakatoliki na Waanglikana walichomwa moto pamoja huko Namugongo. Mwaka 1964, Papa Paulo wa Sita alipowatangaza Wakatoliki 22 kuwa watakatifu, aliwakumbuka pia wale Waanglikana. Ikiwa wao waliweza kufa pamoja, sisi tutashindwa kukaa pamoja kwenye benchi moja kwa saa mbili?

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Maswali ya kujadiliana
1. Katika kikundi chetu, ni nani amewahi kubaki nje ya ibada ya mwenzake? Alizuiwa na nini?
2. Wakatoliki wetu wakija kwenye ibada za makanisa yetu mengine, tunawaeleza nini mapema?
3. Tumchague nani awe anawaongoza wageni siku ya msiba?