Mwanadamu Hutumia Sehemu Gani ya Ubongo Wake?

Husemwa mara kwa mara kwamba mwanadamu hutumia asilimia 10 tu ya ubongo wake, na kwamba asilimia 90 iliyobaki imelala ikingoja kuamshwa. Usemi huu hupendwa na wanafunzi wengi, kwa kuwa humpa kila mtu matumaini ya hazina iliyofichika kichwani. Lakini si kweli. Tena ushahidi wa kuukanusha hauko mbali na shule za Karatu: upo katika mafuvu ya kale ya Olduvai, wilayani Ngorongoro, na katika ugonjwa wa kifafa.

Chanzo cha usemi

Mwaka 1907 mwanasaikolojia wa Marekani, William James, aliandika kwamba watu hutumia sehemu ndogo tu ya uwezo wao wa akili na mwili. Hakutaja asilimia yoyote. Mwaka 1936 Lowell Thomas, katika dibaji ya kitabu maarufu cha Dale Carnegie, alimtaja James kana kwamba alisema asilimia 10. Hivyo, maneno yaliyohusu bidii ya mtu yakageuzwa kuwa kipimo cha ubongo wake.

Gharama ya ubongo

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.3 hadi 1.4, yaani kama asilimia 2 ya uzito wa mwili. Hata hivyo, hutumia takriban asilimia 20 ya nishati ambayo mwili hutumia ukiwa umepumzika.

Chukua mfano wa mtu ambaye mwili wake, ukiwa umepumzika, hutumia kilojuli 6,300 kwa siku. Sehemu ya ubongo ni:

6,300 × 20/100 = kilojuli 1,260

Siku moja ina sekunde 86,400. Kwa hiyo ubongo hutumia juli 1,260,000 ÷ 86,400, yaani karibu juli 15 kila sekunde, au wati 15. Mtu alalapo matumizi hayo hupungua, lakini hayakomi.

Ushahidi wa Olduvai

Barabara itokayo Karatu hupanda hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, kisha huteremka kuelekea Serengeti na kupita karibu na Bonde la Olduvai. Humo bondeni, tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey aligundua fuvu la Zinjanthropus, lenye umri wa karibu miaka milioni 1.8. Ujazo wa ubongo wake ulikuwa kama sentimita za ujazo 500. Zinjanthropus hakuwa babu wa moja kwa moja wa mwanadamu wa leo. Lakini katika bonde hilo hilo yalipatikana mabaki ya Homo habilis, aliyepewa jina hilo mwaka 1964 na Louis Leakey, Phillip Tobias na John Napier. Ubongo wake ulizidi sentimita za ujazo 600. Fuvu la Homo erectus lililopatikana humo mwaka 1960 lina ujazo wa zaidi ya 1,000. Wastani wa mwanadamu wa leo ni karibu 1,350.

Ongezeko hili halikupatikana bure. Ubongo mkubwa hudai chakula kingi, huufanya uzazi kuwa mgumu kwa sababu ya kichwa cha mtoto, na hurefusha muda wa malezi. Kama sehemu tisa katika kila kumi zingekuwa hazina kazi, basi wenye ubongo mdogo wangestahimili njaa vizuri zaidi na kuacha watoto wengi zaidi. Uteuzi wa asili ungeupunguza ubongo badala ya kuukuza.

Ushahidi wa kifafa

Kusini mwa Karatu, katika hospitali ya Haydom wilayani Mbulu, wachunguzi wamekuta vifuko vya mabuu ya tegu wa nguruwe katika ubongo wa baadhi ya wagonjwa wa kifafa. Kifuko kimoja chaweza kuwa kidogo kama punje ya hindi, nacho kikatosha kumwangusha mtu mzima. Kama sehemu kubwa ya ubongo ingekuwa tupu, kidonda kidogo namna hiyo kingepata mahali pa kukaa bila madhara mara nyingi zaidi kuliko inavyoonekana.

Mabuu hayo huufikia ubongo mtu anapomeza mayai ya tegu yatokayo katika kinyesi cha binadamu, kwa njia ya mikono, maji au chakula kichafu. Kwa hiyo choo safi na kunawa mikono ni kinga ya ubongo. Kifafa si laana, wala hakiambukizwi kwa kumgusa mgonjwa aliyeanguka.

Ukweli ni upi?

Serebramu huhusika na fikra, hisi na miendo ya hiari. Serebelamu hulinganisha miendo na mizani ya mwili. Medula huongoza pumzi na mapigo ya moyo. Vyombo vya kupiga picha za ubongo havijaonyesha eneo lolote lisilo na kazi. Ni kweli kwamba seli zote hazitendi kazi kwa nguvu moja kwa wakati mmoja. Lakini katika timu ya mpira wachezaji 11 hawaupigi mpira kwa pamoja, na hakuna asemaye kwamba 10 kati yao hawana kazi. Seli nyingi mno za ubongo zinapofyatuka kwa pamoja bila mpango, tokeo si akili nyingi, bali ni kifafa.

Kujifunza, basi, si kuamsha ubongo uliolala. Ni kuimarisha miunganiko kati ya seli za neva kwa mazoezi ya mara kwa mara. Mwanafunzi ashindwaye hesabu hana hazina iliyofungwa. Anahitaji chakula, usingizi, mwalimu mvumilivu na zoezi jingine.

Maswali

1. Kokotoa wati zitumiwazo na ubongo wa mtu ambaye mwili wake, ukiwa umepumzika, hutumia kilojuli 7,200 kwa siku.
2. Eleza kwa nini ukubwa wa ubongo wa Homo erectus ni hoja dhidi ya usemi wa asilimia 10.
3. Taja njia mbili za kuzuia mayai ya tegu yasimfikie mtu shuleni kwenu.