Ruzuku ya Vikundi Vingi: Nani Ashike Daftari?



Siku hizi wafadhili wengi hawapendi kusaidia kikundi kimoja kimoja. Wanatuambia, "Unganeni kwanza, halafu mwombe." Neno hilo ni zuri, lakini lina mtego ndani yake. Ingawa wengi wetu tuko vijijini, tuuone mtego huo kwa kutazama yaliyowapata wenzetu wa mjini Mombasa.

AMRI MOJA, MZIGO TOFAUTI

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Tarehe 6 Mei serikali ikaufunga Mji wa Kale wa Mombasa: mtu asiingie wala asitoke. Masoko na hoteli za chakula zikafungwa. Amri ilikuwa ya siku 15, kisha ikaongezwa hadi mwanzoni mwa Juni. Tena ulikuwa mwezi wa Ramadhani, msimu wa akina mama wa pale kuuza sambusa, kaimati na viazi karai vya kufuturia.

Amri ilikuwa moja, lakini haikuwauma wote sawasawa. Mwenye duka na akiba aliweza kufunga mlango akangoja. Mama anayekaanga leo ili ale leo alikula mtaji wake, maana unga na mafuta ya biashara ndiyo yaliyopikiwa watoto. Mpangaji wa chumba kimoja kodi yake iliendelea kuhesabiwa. Mtumishi wa nyumba anayelala ng'ambo ya kivuko hakuweza kufika kazini. Tofauti hizo zilikuwako tangu zamani. Ugonjwa ulizifunua na kuzizidisha.

Mwaka huo Umoja wa Ulaya ulitoa fedha za kusaidia familia za mitaa ya mabanda ya Nairobi na Mombasa. Zilipitia kwa mashirika yaliyoungana, miongoni mwao Oxfam na Msalaba Mwekundu wa Kenya. Shirika la CREAW, linalotetea haki za wanawake, lilikuwamo pia, kwa ajili ya wanawake waliodhulumiwa. Hapo tunajifunza jambo: kila mshirika aingie kwa sababu kuna watu anaowajua yeye, ambao wenzake hawawafikii.

MTEGO WENYEWE

Hebu tuchukue mfano. Vikundi vitatu vya mtaa vinaungana: akina mama wauza vyakula, vijana wa mikokoteni ya maji, na chama kimoja chenye ofisi na akaunti ya benki. Wanapata ruzuku ya sh. 600,000. Kwa kuwa chama ndicho kinachojua kuandika, kinaandika maombi, kinapokea fedha na kupanga matumizi. Semina, nauli, fulana, kompyuta na mshahara wa karani vinakula sh. 360,000. Zinabaki sh. 240,000. Nusu yake inakwenda kwa vijana, na nusu kwa akina mama 30. Kila mama anapata sh. 4,000.

Hakuna aliyeiba. Kila senti ina risiti, na picha za akina mama zimejaa kwenye ripoti. Lakini pengo lililotakiwa kuzibwa limepanuka: mwenye ofisi ana kompyuta ya pili, na mama ana sufuria moja mpya.

KABLA YA KUTIA SAHIHI

1. Jiandikisheni. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022 inataka kikundi kiwe na watu wasiopungua 10. Nendeni ofisi ya Maendeleo ya Jamii na katiba yenu, majina ya wanachama na kumbukumbu za mkutano. Bila cheti, mtabaki wageni katika mradi wa wenzenu.

2. Ulizeni: ni ruzuku au ni mkopo? Hazina ya Uwezo ya serikali, kwa mfano, ilianzishwa ili kutoa mikopo. Mkopo hurudishwa.

3. Tafuteni waliokosa. Pitieni nyumba kwa nyumba na mzee wa mtaa mkiuliza: nani hakupata kitu mara iliyopita? Wajane, wapangaji na wenye ulemavu wawe wa kwanza kuandikwa.

4. Andikeni mapatano kwa lugha mnayoielewa wote. Kila kikundi kitapata kiasi gani? Ofisi itatumia kiasi gani, na isizidi wapi? Watia sahihi wa benki watoke vikundi vyote.

5. Someni hesabu mbele ya watu kila mwezi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tunajua ni vigumu kumwambia mwenye fedha angoje kwanza. Tunaogopa atakwenda kwa wengine, basi tunatia sahihi upesi. Lakini mfadhili mwema hachukii kuulizwa, na anayekasirika kwa swali la hesabu afadhali tumkose mapema. Wazee walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Ni juu yetu kuangalia ni mwenyeji yupi anayepona.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

- Wakati wa korona, nani katika kijiji chetu aliumia kuliko wengine? Je, yumo kikundini?
- Katika mradi wetu wa mwisho, kwa kila shilingi 100, ngapi zilimfikia aliyekusudiwa?
- Mweka hazina akiugua leo, nani mwingine anajua daftari liko wapi na linasema nini?