SOMO LA BIASHARA NDOGO: KUDAI FIDIA YA BIMA BAADA YA HASARA



Tukisikia neno bima, wengi wetu twafikiria matatu tu. Lakini hata duka, kibanda cha ushonaji au hoteli ndogo yaweza kukatiwa bima. Shida huanza siku ya kudai.

Kisa

Mama mmoja wa kikundi tunachokihudumia Malindi alikuwa na duka la rejareja lenye paa la makuti. Usiku mmoja wa kaskazi, moto ulianzia jikoni kwa jirani. Mwajua makuti yalivyo: kabla ndoo hazijafika, duka limekwisha. Bima alikuwa nayo, na ada alishalipa.

Asubuhi tulikwenda kumpa pole. Tukamwambia, "Mama, usikae kulia. Tufagie, ufungue upya." Tukashika majembe, na kufikia saa sita mchana majivu yote yalikuwa shimoni. Siku ya nne akaja mkaguzi wa hasara. Akauliza, "Bidhaa zilizoungua ziko wapi?" Tukatazamana. Tulidhani twamsaidia, kumbe tumefagia ushahidi wake! Daftari nalo lilikuwa limeungua dukani.

Kilichomwokoa ni nakala za risiti kwa muuzaji wa jumla. Alilipwa zile bidhaa zilizothibitika tu. Deni la mkopo lililobaki, wenzake wa kikundi waliomdhamini walilibeba. Kwa hiyo twaandika somo hili tukianza na kosa letu wenyewe.

Hatua za kufuata

1. Okoa watu kwanza. Kisha usifagie wala usitupe kitu mpaka mkaguzi afike. Kilichosalia kizima kikinge na mvua na wezi, lakini piga picha kwa simu kabla ya kukisogeza.

2. Ripoti mapema. Nenda kituo cha polisi uandikishe, upewe nambari ya OB, halafu uombe abstrakti. Siku hiyo hiyo ijulishe kampuni au wakala wako. Simu haitoshi, andika barua, na nakala yako igongwe muhuri. Muda wa kuripoti umo katika mkataba wako.

3. Jaza fomu ya madai. Nyingi ni za Kiingereza. Mtafute mtu unayemwamini akusomee, na usitie sahihi mahali patupu. Sema kweli. Ukiongeza magunia matano ya sukari ambayo hayakuwepo, waweza kunyimwa hata haki yako.

4. Tayarisha hesabu. Orodhesha bidhaa kwa bei uliyonunulia, si ya kuuzia. Ambatisha risiti, daftari na taarifa ya M-Pesa.

5. Mpokee mkaguzi. Yeye hupima chanzo na kiasi cha hasara. Uwepo mwenyewe, mwonyeshe kila kitu, na uandike jina lake na tarehe.

6. Soma kabla ya kupokea hundi. Karatasi ya kukubali malipo ikisema ndiyo malipo ya mwisho, ukishatia sahihi huna dai tena. Sheria ya Bima, Sura ya 487, inaipa kampuni siku 90 kulipa. Ukizungushwa, andikia Mamlaka ya Kusimamia Bima, IRA, iliyoundwa kwa marekebisho ya sheria hiyo ya mwaka 2006. Kupeleka malalamiko hakulipiwi.

Mambo ya kuangalia kabla ya hasara

Ada. Sheria hairuhusu kampuni kubeba hatari kabla ada haijalipwa au kudhaminiwa. Lipa, dai risiti.

Paa. Kama ni makuti, liandikwe makuti, hata kama ada itapanda. Wakala akiandika mabati ili akurahisishie, siku ya moto utaumia wewe.

Mafuriko. Bima ya moto peke yake haifuniki maji. Walio karibu na Mto Sabaki wanakumbuka mafuriko ya mwaka 2018. Uliza kama mafuriko yameandikwa katika mkataba wako.

Thamani kamili. Tuseme bidhaa zako ni za shilingi 400,000, nawe umekata bima ya 200,000 ili ulipe ada ndogo. Moto ukila bidhaa za 100,000, utalipwa 50,000, kwa sababu ulikata bima ya nusu tu. Na hapo bado hawajatoa kile kiasi cha mwanzo ambacho mkataba unasema utakibeba mwenyewe.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza: daftari lisilale dukani. Liweke nyumbani, na nakala ya mkataba wa bima iwe kwa katibu wa kikundi.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Duka lako likiungua usiku huu, utathibitisha vipi kilichokuwemo?
2. Nani katika kikundi chetu aweza kuwasomea wengine mikataba yao?
3. Mwenzetu akipatwa, tutamsaidiaje bila kumharibia dai lake?

Tumkimbilie mwenzetu akipatwa na msiba, ndio upendo. Ila mara hii, ufagio tuuache nyumbani.