Namba za Daftari Zinapokwisha

Muhula huu niliandikisha vitabu vya maktaba katika daftari la kompyuta liitwalo MySQL. Kila kitabu hupewa namba na mashine yenyewe: 1, 2, 3 na kuendelea. Kitabu cha 128 kikakataliwa! Mashine ilidai namba 127 imekwisha tumika. Nikafuta vitabu kumi vya mwanzo nipate nafasi, wapi! Mashine hairudi nyuma kuokota namba zilizoachwa.

Kosa lilikuwa langu. Safu ya namba niliipa baiti moja tu. Baiti moja ina hesabu 256, na nusu yake huwekewa namba za chini ya sifuri. Ndiyo maana ilikoma 127. Baiti nne hufika 2,147,483,647. PostgreSQL, daftari jingine la namna hii, husema wazi kwamba mfululizo umefika mwisho. Neno hilo lingeniokolea jioni nzima.

Vitabu vya zamani vilisomeka vyema. Vipya ndivyo vilivyobaki sandukuni. Nikaipanua safu kuwa ya baiti nne, lakini daftari la waazimaji nalo lilishika namba zile zile kwa baiti moja, ikanibidi kulipanua pia. Ndipo kitabu cha 128 kilipoingia.