Kwa nini agari yangu haikazi?

SWALI: Nilichemsha mwani mwekundu, Gracilaria, nikauchuja. Uliganda, lakini umelegea na unachuruzika maji. Agari ya dukani hukaza barabara. Nimekosea wapi?

JIBU: Hukukosea. Sababu imo ndani ya mwani wenyewe.

Agari ni minyororo mirefu ya sukari iitwayo galaktosi, iliyopangika mbili mbili. Katika agarosi, sehemu inayokaza, galaktosi ya pili ya kila jozi ina daraja dogo linaloifunga kwa ndani. Kwa daraja hilo minyororo husokotana kama kamba ya makumbi, kisha misokoto hukumbatiana na kuyanasa maji. Gracilaria nyingi zina salfati mahali pa daraja, na kila salfati ni kifundo kinachokatiza msokoto.

Ndiyo maana viwandani mwani huu hupikwa kwanza katika magadi makali ya sodiamu haidroksaidi: salfati hung'oka, daraja hujifunga, na jeli hukaza. Tafadhali usijaribu jikoni. Magadi hayo huunguza ngozi na macho. Mwani wa Gelidium hukaza vizuri bila hayo.

Hakikisha pia kwamba ni agari kweli. Iliyoganda kwenye nyuzi 40 hivi haiyeyuki tena mpaka ikaribie nyuzi 85. Cottonii na spinosum, mwani unaolimwa Zanzibar, hutoa jeli nyingine, karajinani, yenye salfati nyingi zaidi. Ya cottonii hukazwa na potasiamu. Ya spinosum hubaki laini na yenye kunyumbuka, ikishikwa na kalsiamu.