Jinsi China ilivyotikisa migodi na nyumba za Australia

Mama lishe anayeuza chakula nje ya kiwanda hahitaji kusoma takwimu ili ajue kwamba kiwanda kimepunguza zamu. Anaona kwenye sufuria: wali unabaki. Baada ya wiki mbili mwenye nyumba wake naye anaona, kwa sababu kodi ya pango inachelewa. Nchi nazo ni hivyo hivyo. Wiki hii tunaangalia namna nchi tajiri ilivyoumia baada ya mteja wake mkubwa kupunguza mwendo. Nchi hiyo ni Australia, na mteja ni China.

Mteja mmoja, bidhaa moja

Australia inaongoza duniani kwa kuuza nje madini ya chuma. Mengi yanachimbwa Pilbara, katika jimbo la Western Australia ambalo mji wake mkuu ni Perth. Zaidi ya asilimia 80 ya madini hayo hununuliwa na China, ambayo hutengeneza zaidi ya nusu ya chuma chote cha dunia. Sehemu kubwa ya chuma hicho huishia kwenye nondo za majengo, madaraja na reli.

Mwaka 2010 uchumi wa China ulikua kwa zaidi ya asilimia 10. Februari 2011 bei ya tani moja ya madini ya chuma ilifika karibu Dola 190 za Marekani. Kampuni za BHP, Rio Tinto na Fortescue zikamwaga fedha katika migodi mipya, reli na bandari. Kufikia 2012, uwekezaji katika madini ulikuwa takriban asilimia 9 ya pato la taifa la Australia.

Kufikia 2015, ukuaji wa China ulikuwa umeshuka hadi asilimia 7 hivi. Hapa ndipo wengi hukosea. Watauliza: uchumi unaokua kwa asilimia 7 una ubaya gani? Jibu ni kwamba China ilikuwa bado inajenga, ila mahitaji yake ya chuma hayakuongezeka tena kwa kasi ya zamani. Wakati huohuo migodi iliyoanzishwa wakati wa neema ilikuwa ndiyo kwanza inakamilika na kumwaga shehena sokoni. Ugavi ukazidi mahitaji. Desemba 2015 tani moja iliuzwa chini ya Dola 40.

Maumivu yalivyosambaa

Kampuni kubwa zilivumilia kwa sababu gharama zao za uchimbaji ni ndogo, na ziliongeza tani ili kufidia bei. Kampuni ndogo hazikuwa na nafasi hiyo. Atlas Iron ilitangaza kusimamisha uchimbaji Aprili 2015.

Serikali ya jimbo nayo iliguswa. Mrabaha wa sehemu kubwa ya madini hayo ni asilimia 7.5 ya thamani ya mauzo. Bei ikianguka, mrabaha unaanguka nayo, lakini mishahara ya walimu na wauguzi inabaki palepale. Nakisi ya bajeti ikafuata.

Sarafu ndiyo iliyopunguza makali. Dola ya Australia, iliyokuwa na thamani ya senti 110 za Marekani Julai 2011, ilishuka hadi senti 70 hivi Septemba 2015. Kwa kuwa migodi huuza kwa Dola za Marekani na kulipa mishahara kwa Dola za Australia, anguko hilo liliokoa baadhi yao.

Nyumba za Perth na za Sydney

Kujenga mgodi kunahitaji watu wengi kuliko kuuendesha. Ujenzi ulipoisha, mafundi waliondoka kwa maelfu, huku nyumba zilizoanza kujengwa wakati wa neema zikiendelea kukamilika. Kati ya 2014 na 2019 bei za nyumba za Perth zilishuka kwa karibu asilimia 20. Katika mji wa bandari wa Port Hedland, ambako nyumba ya kawaida ilipata kuuzwa kwa zaidi ya Dola milioni 1 za Australia, bei zilianguka kwa zaidi ya theluthi mbili.

Tufanye hesabu. Fundi ananunua nyumba ya Dola 500,000. Anatoa 50,000 za akiba yake na kukopa benki 450,000. Bei ikishuka kwa asilimia 20, nyumba ni 400,000. Akiba yote imekwisha, na hata akiiuza bado atadaiwa karibu 50,000, ukitoa kidogo alicholipa. Kama kazi nayo imekwisha, hawezi kuhama wala kubaki.

Lakini Sydney ilikwenda kinyume. Ili kuinua uchumi, Benki Kuu ilipunguza riba kutoka asilimia 4.75 mwaka 2011 hadi asilimia 1.5 Agosti 2016. Mikopo ikawa rahisi, na bei za nyumba Sydney zikapanda sana hadi 2017. Benki Kuu ina riba moja kwa nchi nzima: dawa iliyokusudiwa kuponya jimbo la migodi ilimtajirisha mwenye nyumba wa Sydney.

Karibu na kwetu

Zambia, ambayo shaba yake nyingi husafirishwa kupitia bandari ya Dar es Salaam, ilipigwa na wimbi hilohilo. Shaba huipatia zaidi ya asilimia 70 ya mapato ya mauzo ya nje. Tani iliyouzwa karibu Dola 10,000 za Marekani Februari 2011 ilishuka chini ya Dola 4,500 Januari 2016, na kwacha ilipoteza zaidi ya asilimia 40 ya thamani yake katika mwaka 2015 pekee.

Hata hivyo, msomaji asikariri kanuni. Kampuni ya nyumba ya Evergrande ya China ilishindwa kulipa madeni mwaka 2021 na soko la nyumba la huko likadorora, lakini bei za nyumba za Perth zilipanda kwa kasi mwaka 2023 na 2024. Safari hii wahamiaji walikuwa wengi na nyumba chache.

Kwa hiyo, kabla ya kuweka akiba yako katika nyumba ya mji wa migodi, popote ulipo, jiulize maswali matatu. Nani hununua madini ya hapa, na ana wateja wenzake wangapi? Wafanyakazi waliopo wanajenga mgodi au wanauendesha? Na je, mpangaji akiondoka leo, nani mwingine atalipa kodi? Ukikosa jibu la swali la tatu, fedha zako zimewekwa kwenye bei ya madini, hata kama hati inasema ni nyumba.